Kava la gia la kushonesha: huduma ya fundi wa viti vya magari, Majengo, Moshi

Kwa miaka tisa nimeendesha Toyota Hilux ya mwaka 2003, ya dizeli, yenye gia tano za kubadilisha kwa mkono, na kazi yake kubwa ni kunipeleka Chekereni na Kahe kununua mpunga na kunirudisha Moshi mjini na magunia. Anayezifahamu barabara za tambarare ile wakati wa kiangazi anajua kwamba vumbi lake ni laini kama unga wa sembe na kwamba halisubiri mtu afungue dirisha. Mwaka jana, kuanzia Julai, niliona jambo ambalo sikulielewa mara moja: kila niliposhuka garini sketi yangu ilikuwa imechafuka upande wa kushoto peke yake, na kiatu cha kushoto kilikuwa kimebadilika rangi wakati cha kulia bado ni cheusi. Nilibadilisha raba za milango yote minne, nikalipa fedha si haba, na hali ikabaki ile ile. Mwanafunzi mmoja niliyempa lifti kutoka Mabogini ndiye aliyeinama kuokota kalamu yake na kuniambia kwa adabu, "Samahani mama, mbona hapa chini naiona barabara?"

Alikuwa ameinamia kwenye mpini wa gia. Kava lake lilikuwa limechanika katika mikunjo mitatu, nami nilikuwa nimelizoea kiasi cha kutoliona tena, kama mtu anavyozoea ufa wa ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

Kwa asiyepata kulitazama kwa makini, kava la gia ni lile vazi lenye mikunjo linaloanzia chini ya kichwa cha mpini na kushuka kama sketi hadi kwenye fremu ya plastiki. Wengi hulihesabu kuwa pambo, na kwa magari fulani hawako mbali sana na ukweli. Katika magari madogo mengi ambayo injini huzungusha magurudumu ya mbele, giaboksi iko mbele pamoja na injini, na mpini wa gia huvuta nyaya tu zinazokwenda huko. Kava likichanika, kinachoumia zaidi ni macho ya mwenye gari. Hilux imeundwa kwa namna nyingine. Giaboksi imelala chini ya sakafu, katikati ya gari, na mpini umechomekwa humo moja kwa moja kupitia tundu lililokatwa kwenye bati. Tundu hilo huzibwa na mpira mnene uliobanwa kwa bamba la chuma na skrubu, kisha juu yake ndipo linapokaa kava tunaloliona tukiwa tumeketi. Kwa hiyo mpini huo una mavazi mawili, la ndani na la nje, na mimi kwa miaka tisa nilijua moja tu.

Lile la nje lilikuwa la ngozi bandia, ile ya plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa. Plastiki ya aina hiyo hulainishwa kiwandani kwa kemikali ambazo hutoroka polepole kila gari linapoachwa juani, na zikiisha, plastiki hukauka na kupasuka pale pale inapokunjwa kila siku. Kava la gia hukunjwa mara nyingi kuliko karibu kitu kingine chochote ndani ya gari, na Moshi kuna jua la kutosha. Sina la kumlaumu mtengenezaji.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa ya kubana matumizi. Katika duka moja la spea mjini nilinunua kava lililoshonwa tayari, kwa shilingi 15,000, ambalo muuzaji aliniapia kwamba linafaa gari lolote. Kauli hiyo peke yake ilipaswa kunifanya niondoke, kwa maana hata kanga hazitoshi kila kiuno kwa namna moja, lakini nilikuwa na haraka na bei ilinivutia. Kijana wa kubadilisha oili alilikata kidogo kwa mkasi, akalipaka gundi, akalibandika kwenye fremu. Gari likiwa limesimama bila gia, kava lilipendeza kweli. Nilipoingiza gia ya kurudi nyuma, ambayo kwa Hilux yangu iko kulia na nyuma, kava lilijivuta kama sare ya shule ya mtoto aliyerefuka wakati wa likizo. Niliona jambo hilo, nikajiambia kwamba litalegea lenyewe.

Halikulegea. Siku ya tatu nilikuwa nikiteremka kutoka Kibosho na magunia ya mahindi nyuma, nikiwa gia ya pili ili injini inisaidie kulishika gari, na katikati ya mteremko gia ikaruka. Aliyepata kuendesha gari lenye mzigo na likaachiliwa ghafla mteremkoni anajua moyo unakokwenda. Nilikanyaga breki, nikairudisha gia, ikaruka tena. Niliposimama pembeni na kulitazama kava, lilikuwa limetanda kama ngozi ya ngoma, likiuvuta mpini kuelekea mbele. Nilipolibandua, gia ya pili iliingia hadi mwisho na kukaa humo hadi nilipofika mjini. Baadaye nilielezwa kwamba gia isipoingia yote, meno yake hushikana kwa ncha tu, na kwamba kuliwa kwa meno huanzia hapo. Kwa maneno mengine, kitu cha shilingi 15,000 kilikuwa njiani kunilia giaboksi. Muuzaji alikataa kukirudisha kwa kuwa kilikwisha kukatwa mkasi, na kwa hilo siwezi kumlaumu sana. Ninachomlaumu ni kile kiapo.

Fundi ninayetaka kumzungumzia nilielekezwa na dereva wa Hiace aliyeshonewa viti vyake kwake. Anafanya kazi katika kibanda cha mabati Majengo, hana kibao wala jina la biashara, na alama pekee ya kumtambulisha ni kiti cha Coaster kilichovuliwa nguo na kuwekwa nje, ambacho wateja hukikalia wakisubiri. Kazi yake kubwa ni viti, sakafu na dari za magari. Nilipofika na kumweleza shida yangu nilitarajia achukue utepe, apime, anitajie bei. Badala yake aliomba ruhusa ya kufungua kwanza. Akakizungusha kichwa cha gia kinyume cha saa hadi kikatoka, akaibandua fremu kwa kipande cha mbao kilichochongwa bapa badala ya bisibisi ili asikwangue plastiki, akainua kila kitu, akamulika kwa simu.

Mpira wa ndani ulikuwa umepasuka nusu ya mzunguko wake. Pembeni mwa giaboksi niliona, kama yule mwanafunzi alivyoona, kokoto za barabarani.

"Mama," akasema, "hii ya juu naweza kukushonea leo hii na ukaondoka umefurahi. Lakini vumbi lako linatoka huku. Nikikushonea ngozi peke yake nitakuwa nimefunika kidonda kwa kitenge."

Nimeyakumbuka maneno hayo kwa sababu yalikuwa kinyume cha maslahi yake. Yeye hauzi mipira. Angeweza kushona, kupokea fedha na kuniacha niendelee kulaumu raba za milango, na nisingekuwa na uwezo wa kujua. Tena si vumbi pekee linalopita katika tundu kama lile: hupita joto la giaboksi, hupita kelele, na ikitokea bomba la ekzosi limetoboka chini ya gari, hupita pia moshi wake, ambao ndani yake kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu na inayoweza kumlevya dereva kabla hajajua kinachomsibu. Tangu siku ile, mtu akiniuliza namna ya kumpima fundi wa kazi hii, humwambia atazame kama fundi atainua kava na kumwonyesha kilicho chini yake kabla ya kutaja bei. Uzuri wa mshono ni jambo la pili.

Alinituma nikatafute mpira wa mtumba, uliotolewa kwenye Hilux nyingine, na akanifundisha namna ya kuuchagua: niunyooshe kwenye mikunjo, na nikiona nyufa ndogo ndogo kama za shamba la mpunga lililokauka, niuache hata kama unapewa bure. Wa kwanza niliouona ulikuwa na nyufa hizo. Wa pili ulikuwa mlaini, nikaununua kwa shilingi 20,000. Kuufunga kulimchukua chini ya saa moja. Alikwangua tope la miaka lililoganda kwenye ukingo wa tundu, akaziba kitako cha mpini kwa kitambaa safi ili mchanga usiangukie humo, akapaka silikoni nyembamba, kisha akakaza skrubu kwa kupishanisha pembe ili bamba lisilalie upande mmoja. Skrubu mbili zilikuwa zimeliwa na kutu na akaziweka nyingine bila kuniongezea gharama. Nilimwuliza kama hiyo ni kazi ya fundi viti. Akacheka na kusema kwamba fundi makenika akifungua hapa huacha alama za grisi kwenye viti, na anayeitwa kuzisafisha ni yeye.

Kuhusu aina ya ngozi tulijadiliana kwa muda. Nilikwenda kwake nikiwa nimedhamiria kutumia ngozi nene ya ng'ombe. Moshi si mgeni wa ngozi, kiwanda cha viatu na bidhaa za ngozi kipo Karanga na usindikaji wa ngozi upo Himo, na nilikuwa na fahari ya kutaka kitu cha nyumbani. Fundi alinipa kipande cha ngozi ya viatu nikikunje kwa vidole. Kilikunjika kwa shida na kikarudi kunyooka chenyewe. Alinieleza kwamba kava la gia linataka ngozi ya unene wa takriban milimita moja, inayokubali kukunjwa bila kurudisha nguvu, kwa sababu ngozi ngumu itausukuma mpini kama lile kava fupi lilivyouvuta. Akanionyesha ngozi ya mbuzi iliyotiwa rangi nyeusi, nyembamba na laini, na leza ya plastiki inayofanana sana na ile iliyokuwepo. Leza ingenipunguzia shilingi 20,000. Nilichagua ya mbuzi, na nakiri kwamba sehemu ya uamuzi huo ilikuwa majivuno tu. Mtu mwenye fedha ya kubana atavumilia leza miaka kadhaa bila tatizo, mradi aegeshe gari kivulini.

Sasa nifike kwenye vipimo, ambavyo kwangu ndiyo sehemu iliyonifanya niandike. Lile kava la dukani lilikuwa limepimwa kwa mpini uliosimama wima katikati, au pengine halikupimwa kwa mpini wowote. Huyu aliniomba nikae kwenye usukani, nikanyage klachi, na niingize gia moja baada ya nyingine huku yeye akipima kwa utepe wa fundi cherehani kutoka shingo ya mpini hadi kila pembe ya fremu. Gia ya kwanza iko kushoto mbele, ya pili kushoto nyuma, ya tano kulia mbele, ya kurudi kulia nyuma. Hizo nne ndizo zinazoufikisha mpini kwenye kona zake, na kila kona ina pembe moja ya kava inayovutika kuliko nyingine zote. Aliandika namba zote kwenye kipande cha boksi, akachukua iliyo kubwa kwa kila upande, akaongeza sentimita tatu za ulegevu. Nilipomwuliza kwa nini asiongeze zaidi ili kuwa na uhakika, alisema kava lililozidi hulala juu ya mkono wa dereva na kunaswa kwenye fremu, na likinaswa hukatika hapo.

Kutokana na namba hizo alichora vipande vinne, vipana chini na vyembamba juu, na havikuwa sawa: kipande cha mbele kilikuwa kirefu kuliko cha nyuma, kwa kuwa mpini wa Hilux haukusimama katikati kamili ya tundu lake. Alikata kwanza kiolezo cha kadibodi, akakifunga kwenye mpini kwa gundi ya karatasi, tukapitia gia zote upya. Hapo tu ndipo alipoigusa ngozi. Sababu yake niliielewa vizuri, maana mama yangu alikuwa mshonaji: kitambaa ukikosea utafumua na kushona tena, lakini kwenye ngozi tundu la sindano halizibiki, na mshono uliofumuliwa huacha mstari wa vitobo ambao siku moja utachanika wenyewe.

Kwa sababu hiyo hiyo hakubananisha mishono. Alihesabu kama mitatu kwa kila sentimita, akisema kwamba ikizidi hapo ngozi huwa kama ukurasa wa stempu za posta. Alitumia uzi mnene wa nailoni, kwa kuwa uzi wa pamba huoza kwa jasho na joto, akaacha ukingo wa sentimita moja ndani ya kila mshono na kuupiga mshono wa pili juu ili ukingo ulale. Pembe za chini, ambako cherehani haikufika vizuri, alizimaliza kwa mkono kwa msharasi na shazia, kama fundi viatu.

Namna alivyolifunga juu ilinifurahisha zaidi ya yote, ingawa ni jambo dogo. Alilivalisha kava likiwa limegeuzwa ndani nje na limeelekezwa juu, kama soksi iliyovuliwa vibaya, akalibana shingoni mwa mpini kwa kamba ya plastiki ya kujifunga, kisha akalifunua kuelekea chini. Kamba ikafichika ndani na juu pakabaki ngozi safi isiyo na fundo. Chini alilivuta juu ya fremu, akalibana kwa gundi na pini za stepla upande usioonekana, halafu akairudisha fremu kwenye konsoli.

Palikuwa na jambo moja zaidi kuhusu kichwa cha gia. Nilikuwa nimeona kichwa cha mbao kinauzwa na kukitamani. Fundi alikigeuza, akatazama uzi wake, yaani meno ya ndani ya kuzungushia, akakirudisha mkononi mwangu. Vichwa vingi vya gia vya Toyota hukaa kwenye uzi wa milimita 12 wenye hatua ya milimita 1.25 kutoka jino hadi jino, na kile cha mbao kilikuwa cha milimita 10, hata mpini usingeingia. Aliniambia kwamba wapo wanaokipanua kwa keekee na kukijaza gundi, na kwamba hukutana nao wakiwa wameshika kichwa mkononi barabarani. Nikabaki na cha zamani.

Gharama yote kwake ilikuwa shilingi 45,000, ngozi na ufundi pamoja na kufunga mpira, ukiacha zile 20,000 za mpira wenyewe. Nikijumlisha 15,000 nilizozitupa dukani, kava la gia limenigharimu shilingi 80,000, na raba za milango sitazitaja kwa sababu bado zinaniuma.

Yapo mambo ambayo hayakunipendeza, na ni haki yasemwe. Aliniahidi Jumamosi na nikalipata Jumanne. Siku mbili kati ya hizo nilikwenda hadi kibandani na kukuta amekwenda kushona dari la basi mahali pengine bila kuniarifu, wakati namba yangu ya simu alikuwa nayo. Gari lilikuwa likitembea bila kava muda wote huo, na ingawa mpira wa ndani ulikuwa umekwisha fungwa na vumbi limekwisha pungua, mpini uliovuliwa nguo haupendezi mbele ya wateja. Hana risiti; nilipoiomba aliniandikia kwenye karatasi ya daftari, kwa hiyo mwenye gari la kampuni au la ofisi anayehitaji kurejeshewa fedha ajue hilo mapema. Gundi aliyotumia kwenye fremu ilinuka kwa karibu wiki nzima, kiasi kwamba abiria wangu walidhani nimebeba rangi. Na uzi aliochagua kwa mshono wa juu ni mwekundu, jambo ambalo hakuniuliza. Yeye anaona ni urembo. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tisa ninayebeba mpunga, na gari langu sasa lina mshono wa gari la mashindano. Nimelizoea, lakini ningependa ningeulizwa.

Nimelitumia kava hilo kwa miezi sita, pamoja na masika yote. Sketi haichafuki tena upande mmoja, na hilo nalihesabu kuwa ushahidi wa mpira kuliko wa ngozi. Kelele ya giaboksi imepungua kiasi kwamba sasa nasikia kitu kinachogonga kwenye bawaba ya mlango wa nyuma, ambacho bila shaka kilikuwepo siku zote. Joto lililokuwa likinipanda mguuni kwenye safari ndefu limeisha. Gia zote zinaingia hadi mwisho, na nimeteremka kutoka Kibosho mara nyingi na mzigo bila ya pili kuruka hata mara moja. Ngozi yenyewe imeanza kupata mikunjo yake, laini, bila ufa. Mwezi wa tatu pembe moja ya nyuma iliachia pini; nilipita kwake asubuhi nikielekea benki, akaibana upya ndani ya dakika kumi na hakutaka fedha.

Kuhusu utunzaji alinipa maagizo mafupi ambayo nimeyafuata. Nifute kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, nikaushe, na kila baada ya miezi michache nipake mafuta ya kutunzia ngozi kwa kiasi kidogo sana. Niwakataze vijana wa kuosha magari wasipulizie ile dawa ya kung'arisha dashibodi, kwa kuwa huacha utelezi unaokusanya vumbi jipya na kuunata mkono. Agizo hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Wale vijana hupulizia kabla hujafunga mlango.

Wenye Hilux za zamani kama yangu, lakini za kuendeshwa na magurudumu yote manne, kwa kawaida wana mipini miwili, wa gia na ule mdogo wa fowili, na kila mmoja unahitaji kava lake, kwa hiyo wajiandae kwa vipimo viwili na gharama inayokaribia kuwa mara mbili. Wenye magari madogo ya nyaya wanaweza kuridhika na kava la dukani, mradi wapitishe mpini katika gia zote kabla ya mtu yeyote kushika mkasi. Atakayekwenda Majengo aende asubuhi, aegeshe mahali ambapo gari linaweza kukaa saa kadhaa, aseme mapema rangi ya uzi anayoitaka, na asitoe fedha yote kabla ya kukaa kwenye usukani na kujaribu gia ya kurudi nyuma.

Kiolezo changu cha kadibodi fundi hakukitupa. Kimening'inizwa kwenye msumari juu ya cherehani yake, kimeandikwa kwa kalamu ya wino "Hilux, mama mpunga", na ameniambia kwamba mwenye gari kama langu atakayefika sasa hatasubiri hadi Jumanne.